Jeshini nilifundishwa kuua kelele, leo nalipwa niiunde: uzi wa amplifaya za gitaa za vali

LehemuBaridi (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za humu. Nimekuwa msomaji wa pembeni muda mrefu. Kila nikichangia swali la amplifaya kwenye nyuzi za watu naambiwa "mzee fungua wako". Haya, nimefungua.

Kwa kifupi, nilikuwa fundi wa mitambo ya mawasiliano jeshini. Nilipostaafu nikaanza kuunda amplifaya za gitaa za vali, zile chupa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa. Naunda kwa oda, moja moja, kwa mkono. Jeshi gani na kikosi gani msiniulize, sitajibu.

Watu wakisikia nilikotoka wanadhani kazi hii kwangu ilikuwa mteremko. Nusu ni kweli. Mikono nilikuja nayo, ila masikio ilibidi niyafundishe upya, na yalikuwa mabishi kuliko kuruta yeyote niliyewahi kumuona.

Nianze na mikono. Kule kulehemu si kugundisha. Waya unauzungusha kwenye mguu wake mpaka ushike wenyewe, ndipo unaleta lehemu. Tulitumia ile ya bati 63 kwa risasi 37, ambayo huyeyuka na kuganda kwenye nyuzi 183 za Selsiasi pale pale, haikai katikati ikiwa uji. Lehemu iliyo uji ukiitikisa inaganda na nyufa ndani, kwa nje inafifia, inakuwa kijivu. Kesho inafanya kazi, keshokutwa haifanyi, mtondo inafanya tena. Hiyo ndiyo lehemu baridi. Mkufunzi wetu alipita na koleo ndogo akivuta kiungo kimoja kimoja. Wiki ya kwanza kiungo changu kilimbaki mkononi mbele ya darasa zima, na jina nikalibeba mpaka leo.

Nidhamu hiyo inanilipa. Amplifaya ya gitaa mara nyingi inaishi kwenye boksi moja na spika inayoitetemesha, inarushwa kwenye gari, inamwagiwa vinywaji. Mateso yake hayana tofauti kubwa na ya redio ya vitani.

Sasa masikio. Amplifaya yangu ya kwanza ya kuuza niliitoa kwenye mchoro wa Fender Bassman 5F6-A, amplifaya ya Kimarekani ya mwishoni mwa miaka ya 1950. Huo ni mchoro ambao nusu ya amplifaya za roki ni wajukuu zake. Lakini mimi ni fundi wa jeshi, nikaona nina wajibu wa kuwasahihisha wazee. Vali ya rektifaya, GZ34, ile inayogeuza umeme wa kupishana kuwa wa upande mmoja, nikaitoa nikaweka dayodi. Kapasita za kuchuja, zinazolainisha umeme huo, nikaziongeza. Rezista ya mrejesho (nitaueleza chini), ambayo kwenye mchoro ni kiloomu 27, nikaishusha mpaka 10 ili mrejesho uzidi. Kwenye osiloskopu, kifaa kinachochora wimbi la sauti kwenye kioo, wimbi lilitoka limenyooka kama gwaride.

Mteja akaja na gitaa lake. Akapiga kama dakika kumi, kisha akaliweka chini kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya chakula ambacho hakikumpendeza.

"Mzee, ni nzuri. Ila haipumui."

Nikamwonyesha osiloskopu. Naona aibu kuandika hili, lakini ndiyo, nilimgeuzia kioo nikamwambia aangalie mwenyewe. Akasema, "Mimi sipigi hicho kioo."

Nikazima, nikachomoa plagi, nikamwaga chaji ya kapasita. Kulikuwa na waya mmoja wa zambarau uliotoka kwenye soketi ya spika ukarudi nyuma kwenye vali inayogeuza awamu, ile inayogawa wimbi mara mbili kwa kinyume. Huo ndio mrejesho hasi. Unachukua kipande cha sauti inayotoka, unakirudisha kikiwa kimepinduliwa ili kisahihishe makosa ya njiani. Nikaulehemua, nikaukunja pembeni, nikawasha tena.

Akapiga kodi moja, noti kadhaa kwa pamoja, akaiacha ife yenyewe. Hakusema kitu. Akapiga tena, safari hii kwa nguvu, na amplifaya ikakwaruza kidogo mwanzoni halafu ikatulia kuwa safi noti ilivyokuwa inafifia. Basi hapo sikupewa nafasi ya kuongea kwa muda wa dakika arobaini. Kwenye osiloskopu kichwa cha wimbi kilikuwa kimebonyea, tena upande mmoja kuliko mwingine. Jeshini kifaa cha hivyo kingefungwa kitambulisho chekundu kikarudishwa stoo.

Alichukua amplifaya ikiwa hivyo. Kwa sababu sikuamini, niliweka swichi ndogo kwa nyuma: juu hakuna mrejesho, chini mrejesho upo. Nikamwambia akishachoka na hiyo kelele aishushe.

Maswali karibuni.

NotiSaba

Afande, saluti! Uzi mtamu huu. Naomba ufafanue hapo kwenye mrejesho, kwa nini ukiutoa mpiga gitaa anafurahi? Kwa maelezo yako yenyewe unasahihisha makosa, sasa nani anataka makosa?

LehemuBaridi

Mkuu NotiSaba, swali lako ndilo nililojiuliza usiku ule.

Mrejesho unanyoosha kila kitu mpaka vali zinapofika ukingoni. Hapo hauna tena cha kusahihishia, kwa hiyo amplifaya inatoka safi kwenda chafu ghafla, kama mtu aliyekanyaga pembeni ya ngazi. Bila mrejesho inaanza kuchafuka mapema na polepole. Mkono wa mpigaji unaipata ile njia ya katikati: akigusa laini inaimba, akikaza inakwaruza. Kwake ule ubovu ni kama kanyagio la gesi.

Na kuna spika. Mrejesho unaishika spika isicheze ovyo, ukiutoa spika inapata uhuru wa kujibu kwa tabia yake, hasa chini kule kwenye besi na juu kule kwenye ukali. Wengine hawapendi. Wapiga muziki msafi wenye kodi nyingi za kupishana wengi wao wanataka mrejesho, na wako sahihi kwa kazi yao.

Rektifaya nayo nilikosea. Vali ya rektifaya ina ukinzani wake wa ndani. Ukipiga kodi nzito volti zinashuka kidogo halafu zinapanda tena, sauti inalegea ikijikusanya. Niliweka dayodi nikaondoa kulegea, nikajipongeza. Kumbe hiyo ndiyo "pumzi" aliyokuwa anaisema.

VoltiMiaNne

Mzee, mimi nimenunua vali zilizoandikwa JAN kwa bei ya kuumiza kwa sababu muuzaji alisema ni za kijeshi na sauti yake haina mfano. Niambie ukweli hata kama unauma.

LehemuBaridi

Unauma kidogo.

Herufi JAN zilisimama badala ya jeshi la nchi kavu na la majini la Marekani kwa pamoja. Maana yake vali ilipimwa kwa vigezo vyao: mtetemo, kishindo, maisha marefu, kufanana na mwenzake. Hakuna askari aliyekaa akasikiliza kama inaimba vizuri. Ukipata ambayo kweli haijatumika, umepata vali imara, na uimara una faida kwetu. Vali iliyolegea ndani ukiigonga inalia kengele kwenye spika, na ya kijeshi ina nafasi ndogo ya kufanya hivyo. Hayo mengine ni ya muuzaji.

Ila kuna za kijeshi ambazo tofauti yake unaisikia na inaelezeka. 5751 ilitengenezwa kama ndugu mgumu wa 12AX7, vali ndogo ya kukuzia sauti, lakini inakuza mara 70 pale 12AX7 inapokuza mara 100. Ukiiweka kwenye soketi ya kwanza amplifaya inatulia, inachelewa kukwaruza. Watu wanaiita "sauti tamu ya jeshi" wakati ni hesabu tu ya 70 na 100. Waingereza nao wana CV4004, ambayo ni 12AX7 yenye namba ya kijeshi.

Na usidhani jeshi liliingia kwenye gitaa juzi. Bassman niliyoitaja ilikuwa na vali za nguvu aina ya 5881, na hizo ni 6L6 zilizokazwa ili zivumilie vishindo. Kisha mafundi wa duka la ngoma la Jim Marshall kule London, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakaichukua Bassman hiyo hiyo wakaigeuza kuwa amplifaya ya JTM45. Vali ya kwanza ya Bassman ilikuwa 12AY7, ambayo inakuza mara arobaini na kitu. Wao wakaweka ECC83, yaani 12AX7 kwa jina la Ulaya, mara 100. Badiliko hilo la soketi moja ni sehemu kubwa ya sababu mkwaruzo wa Uingereza ukaenda njia yake.

KichwaNgumu

Samahani kwa kuharibu harusi. Dunia imeshahama wazee. Kisanduku cha kidijitali kinachoingia mfukoni kina amplifaya hamsini ndani yake. Hakichomi, hakiui, hakihitaji mtu wa kubeba. Nyie mnauza joto la kioo na hadithi za kapasita za rangi ya machungwa.

LehemuBaridi

Mkuu, sibishani na wewe kwa sehemu kubwa. Anayerekodi usiku watoto wamelala namwambia anunue hicho kisanduku, na wapo wateja niliowarudisha hivyo hivyo. Usimamizi wa sauti jukwaani nao ni rahisi zaidi.

Na kwenye kapasita nakuunga mkono kuliko unavyodhani. Nimewahi kufunga aina tatu kwenye swichi ya kuzungusha, thamani zikiwa zimepimwa zikalingana, nikamwita mpigaji nikamgeuzia mgongo. Hakuweza kuzitofautisha, na mimi pia sikuweza. Thamani ikibadilika, sauti inabadilika. Rangi ikibadilika, inabadilika bei. Mteja akiniuliza pesa aiweke wapi namwambia transfoma ya kutolea sauti na spika. Hapo ndipo tofauti inapokaa.

Ninachokataa ni neno "kuhama". Kinachonipa kazi ni mtu anayetaka kifaa kimoja, kimfae yeye, na akipeleke kwa fundi yeyote mwenye mita na pasi ya kulehemu miaka ishirini ijayo.

MpigaBesi

Shikamoo mzee. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, jioni napiga besi. Nina amplifaya ya vali mbili za 6L6GC, inavuma mfululizo hata nisipopiga. Nikizungusha sauti mpaka sifuri mvumo uko pale pale. Nimebadilisha kebo, nimehama soketi ya ukutani, wapi. Kapasita za kuchuja ni mpya, nilizibadilisha mwenyewe. Nimekwama.

LehemuBaridi

Marahaba dada. Umeshafanya nusu ya kazi, kwa sababu umesema kitu cha maana: sauti ikiwa sifuri mvumo haubadiliki. Basi chanzo kiko baada ya kitufe cha sauti. Gitaa, kebo na vali ya kwanza waache wapumzike.

Sikiliza kimo chake. Umeme ukiwa wa hezi 50, mvumo mnene wa hezi 50 mara nyingi unatoka kwenye nyaya za kuwashia vali, zile za volti 6.3, kama hazikusokotwa vizuri, au kwenye njia ya ardhi. Ukiwa juu yake mara mbili, hezi 100, unatoka kwenye umeme uliokwisha kupita rektifaya. (Wenye umeme wa hezi 60 wasome 60 na 120.)

Kisha zima, chomoa vali inayogeuza awamu, washa tena. Mvumo ukibaki, tatizo liko kwenye vali mbili za nguvu na transfoma yake. Hapo pima mkondo wa kila vali. Kama kuna rezista ya omu 1 kati ya kathodi (mguu unakoanzia mkondo wa vali) na ardhi, milivolti unazosoma juu yake ndizo miliampea. 6L6GC inavumilia wati 30 kwenye pleti (bamba linalopokea mkondo ndani ya vali), sisi tunaikalisha kwenye asilimia 70 kwa juu, yaani 21. Kwa volti 450 hiyo ni kama miliampea 46, na ndani ya usomaji wako kuna kidogo cha skrini, yaani gridi ya pili ya vali.

Kinachonipa shaka ni hiki. Vali hizo mbili zinapokezana, moja inavuta nyingine ikisukuma, na mvumo wa umeme unaingia pande zote mbili za transfoma kwa kinyume, unajifuta. Unajifuta pale tu mikondo inapolingana. Moja ikizembea, mvumo unapita.

Mkono mmoja mfukoni unapopima. Unajua hilo, lakini naandika kwa ajili ya wengine.

VoltiMiaNne

Hapo kwenye mkono mfukoni tueleze vizuri mzee, maana kuna vijana humu watafungua amplifaya leo usiku.

LehemuBaridi

Ni vizuri umesema. Wasifungue kama hawajui kumwaga chaji.

Kapasita ya maikrofaradi 50 kwenye volti 450 inashika jouli 5 hivi. Ukizima umeme, ukichomoa plagi, ukaenda kunywa maji ukarudi, inaweza kuwa inakungoja. Mimi nafunga rezista ya kumwagia, kiloomu 220, kwenye kila amplifaya ninayounda. Kwa kapasita hiyo, ndani ya dakika moja inabaki chini ya volti 5.

Sasa aibu yangu. Mwaka wangu wa tatu, amplifaya niliyoiunda mwenyewe ilirudi ukarabati. Nikazima, nikahesabu dakika, nikaingiza mkono. Sikupima kwa sababu rezista niliifunga mwenyewe, naijua. Rezista ilikuwa imepasuka, labda ilipoanguka. Nilijikuta nimekaa sakafuni, kiwiko kimegonga kabati nyuma yangu, na kidole cha shahada kina doa jeupe dogo kama punje ya mchele. Miaka yote ya jeshi sikuwahi kupigwa shoti ya namna ile. Nilipigwa na kazi yangu mwenyewe. Tangu siku hiyo mita inaingia kabla ya kidole, hata kama nimezima mbele ya mashahidi.

Mkono mmoja mfukoni ni ili shoti isipate njia ya kutoka mkono huu kwenda ule ikipitia moyoni. Na kumwagia tumia rezista yenye mpini uliokingwa. Bisibisi inatoa mwanga mzuri wa kupigia picha na inaharibu kapasita.

Anayeanza aanze na saketi ndogo kama Fender Champ 5F1: 12AX7 moja, 6V6 moja, rektifaya moja, wati 5 hivi. Haihitaji kurekebishwa bayasi (mkondo wa vali ikiwa imetulia), na makosa yake ni machache kiasi kwamba utayapata. Volti zake bado ni zaidi ya 300, zinaua kama za kubwa. Siku ya kuwasha mara ya kwanza weka balbu ya nyuzi, ifungwe mfululizo na umeme unaoingia. Ikiwaka kidogo ikafifia, endelea. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki, kuna shoti, na balbu imekuokolea transfoma. Na usiwashe bila spika. Transfoma isiyo na mzigo inarusha volti mpaka inajichoma ndani.

NotiSaba

Afande, kuna wengine waliotoka jeshini wakaingia huku? Au ni wewe peke yako na ukaidi wako?

LehemuBaridi

Ukaidi ni wa wengi. Anayejulikana kuliko wote kwangu ni Ken Fischer, Mmarekani. Alipitia jeshi la majini, kisha akafanya kazi Ampeg, kampuni ya amplifaya, baadaye akawa na kibanda chake, Trainwreck Circuits. Aliunda chache tu, kwa mkono, na badala ya namba alizipa majina ya wanawake. Alifariki mwaka 2006.

Ninachokipenda kwake ni kwamba saketi zake ukizichora kwenye karatasi ni nyepesi, hazina kitu cha kukushangaza. Siri iko kwenye nyaya zinakopita. Waya wa gridi, unaoingiza sauti kwenye vali, ukiusogeza sentimita moja kuelekea waya wa pleti, unaoitoa, amplifaya yenye geini (nguvu ya kukuza) kubwa inaanza kupiga mluzi ambao mbwa anausikia kabla yako. Wakati wa kurekebisha, amplifaya ikiwa hai, nasukuma nyaya kwa kijiti kikavu cha mti huku nasikiliza. Hakuna mwongozo wa jeshi uliowahi kuniambia nisogeze waya kwa sikio. Kule nyaya zilifungwa kwa uzi zikakaa mstari mmoja, za kifaa changu sawa na za kifaa cha jirani, ili askari asiyenijua achomoe hiki aweke kile gizani. Huku mteja anakuja anasema nitengenezee isiyofanana na ya mtu.

MpigaBesi

Mzee, nimerudi na ripoti. Kimo ni cha juu, hezi 100. Nilichomoa vali ya kugeuza awamu, mvumo ukabaki. Nikapima: upande mmoja milivolti 44, upande mwingine 12!! Nikazibadilishana vali nikidhani moja imechoka. Ile 12 ikabaki kwenye soketi ile ile.

Nikazima, nikamwaga, NIKAPIMA, nikaanza kukagua soketi. Rezista ya skrini imeandikwa omu 470. Mita inasema kiloomu 38. Ilikuwa imeungua kwa chini, ukiitazama juu ni nzima kabisa. Nimeweka mpya zote mbili. Sasa nasoma 43 na 45, na nimebaki na ukimya mpaka nasikia feni ya dari.

LehemuBaridi

Safi sana, fundi. Hapo kwenye kubadilishana vali ndipo wengi wanaponunua vali mpya bure. Tatizo likihama na vali, mkosaji ni vali. Likibaki kwenye soketi, vali haina kosa. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe na usomaji, ibandike nakala ndani ya kifuniko. Siku ikirudi kuvuma, wewe au fundi mwingine mnaanzia hapo.

KichwaNgumu

Sawa, nakubali huyo dada kafanya kazi nzuri, na kisanduku changu kikiungua nitakitupa tu. Ila hukumaliza hadithi, mzee. Yule mteja wa kwanza na swichi yako, aliishusha?

LehemuBaridi

Ile amplifaya ilirudi kwangu mwaka juzi, kapasita za kuchuja zimezeeka, jambo la kawaida. Kitambaa cha mbele kimechanika, kona moja imebanduka, kuna alama ya moto wa sigara juu kabisa. Nikaigeuza nione swichi. Ilikuwa juu. Nikajaribu kuishusha ikagoma, imeshikwa na kutu na vumbi, haijaguswa tangu siku ile.

Nikaipulizia dawa ya kusafishia, nikaicheza juu chini mpaka ikalainika, kisha nikairudisha juu alipoiacha.